Beji ya Meza ya Kumi na Nne

Hapo zamani, si ile zamani ya mbali, zamani ya juzi tu, watu wana simu zao, palikuwa na wanafunzi watatu wa mwaka wa mwisho waliotumwa na chuo kikuu chao kwenda kukiwakilisha kwenye maonyesho ya ajira mjini. Nitasimulia haraka, msinikatishe, maana nikisimama katikati naanza kuogopa upya.

Wa kwanza ni Atuganile, mama wa Gwamaka, mtoto wa mwaka na miezi miwili, ndiyo kwanza anajua kutembea. Atuganile ndiye aliyetengeneza unga wa lishe ambao chuo kilikuwa kinakwenda kuuonyesha. Ulezi, karanga, maboga makavu, akaange, asage, apime, akosee, aanze tena, miezi minane. Wa pili ni Nyamizi, msichana mwenye mbio na mdomo. Wa tatu ni Mbaraka, kijana mpole, akiongea mbele za watu kola inalowa jasho.

Mwalimu wao, Mwalimu Mtweve, alikabidhiwa beji moja. Moja tu, ndivyo wenye maonyesho walivyopanga, kila meza beji moja, imeandikwa MWAKILISHI na namba, jina la mtu hakuna. Yao ilikuwa kumi na nne. Mwalimu akamvisha Atuganile.

"Unga ni wako, mwanangu. Utaongea wewe."

Na kipaza sauti kikatangaza: meza itakayokutwa haina mtu inafungwa, chuo kinarudi nyumbani. Kikatangaza tena. Kikatangaza mara ya tatu. Mnasikia? Mara tatu.

Sasa jirani anayemlea Gwamaka alikuwa ameamka na homa. Ungefanyaje? Atuganile alimbeba mgongoni akaja naye. Hakuwa na siku nyingine, kwa sababu kiwanda cha unga wa watoto kilikuwa kinakuja siku hiyo kuchukua mtu mmoja, na kiwanda hicho kina nyumba za wafanyakazi. Chumba chake cha chuo alitakiwa kukihama mwezi uleule. Baba wa mtoto alikwenda machimboni, simu haipatikani tangu Pasaka. Pa kumpeleka mtoto hapakuwepo.

Mtoto akalia. Akalia mpaka ukumbi mzima ukageuka. Atuganile akavua beji akampa aitafune, akanyamaza. Akamvisha shingoni, akamkalisha juu ya kitenge chini ya meza, akageuka kumimina uji wa wageni.

"Mbaraka, niangalizie."

"Haya."

Mgeni akamuuliza Mbaraka swali, Atuganile akaona, akamgeukia mwenzake. "Nyamizi, niangalizie."

"Haya."

Nyamizi alikuwa anaandika majina ya wageni, hiyo haya aliitoa bila kuinua kichwa. Haya mbili. Atuganile akainama. Kitenge kipo, mtoto hayupo.

Jamani. Mimi chuo sikufika, niliishia kidato cha nne, lakini kuielewa hofu ya mama hahitajiki mtu mwenye cheti. Atuganile alikimbilia getini, kwenye barabara kuu, kwenye malori, kiatu kimoja mguuni. Nyamizi akapiga ukelele, "Mbaraka, twende!" akarukia upande wa pili, akitambaa chini ya kila meza, "Gwamaka! Gwamaka wee!" Mbaraka naye akainua mguu. Mguu uko hewani hivi, mama mmoja mwenye daftari jekundu akasimama mbele yake.

"Naitwa Mama Ndosi, wa kiwanda cha unga wa watoto. Meza hii ina mtu au haina?"

Mbaraka akaangalia mlango. Akaangalia kipaza sauti. Akaurudisha mguu chini.

"Ina mtu, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Nieleze."

Akaeleza. Maneno yalikuwa ya Atuganile, alimsikia akiyakariri wiki nzima, akayatoa moja baada ya jingine huku masikio yake yako barabarani yanasubiri mlio wa breki. Akamimina uji. Mama Ndosi akanywa. Akanywa tena.

"Nani katengeneza?"

"Mwenzetu. Ametoka kidogo."

"Mtu ninayemtaka mimi hatoki kidogo. Na beji yako iko wapi?"

"Iko... inakuja, mama."

Mama Ndosi akafunga daftari. "Nina nafasi moja. Namchukua mwakilishi wa meza hii. Narudi saa tisa, nimkute amevaa beji."

Wakati huo Nyamizi ameshatokea mlango wa nyuma, kwa mama lishe wanaopikia wageni. Na Gwamaka ndiyo huyo, anakwenda mwenyewe, tumbo mbele, mkono ameunyoosha kwenye sufuria la maharage linalochemka. Palibaki upana wa kiganja. Nyamizi akajitupa. Akamdaka mtoto, kiwiko chake kikagonga sufuria, ngozi ikabaki pale. Mtoto hata hakulia, alikuwa bado anatafuna beji.

Saa tisa kasoro dakika kumi, wote wako mezani na mwalimu wao, Mbaraka ameshawaeleza aliyoyasema Mama Ndosi. Atuganile kakaa chini, kamkumbatia mwanawe mpaka mtoto anasukuma apate hewa. Mwalimu Mtweve akasema, "Nataka kujua ninamvisha nani. Semeni upesi."

Nyamizi akasema, "Mimi. Meza niliiacha nikijua inafungwa, nafasi yangu niliiacha, kiwiko changu hiki mnakiona. Mwenzenu Mbaraka, mtoto anapotea, yeye anamimina uji!"

"Na usingemiminwa," akasema Mbaraka, "sasa hivi ungegombea nini hapa? Ningekimbia na mimi, meza ingefungwa, tungekuwa watatu barabarani. Unafikiri nilisimama kwa raha?"

"Uliambiwa umwangalie!"

"Na wewe uliambiwa! Haya yako ilikuwa na kazi gani?"

Nyamizi akakishika kiwiko chake. Mbaraka akaanza kukusanya vikombe.

Atuganile akaongea mwisho, kwa sauti ndogo. "Unga ni wangu. Maneno aliyoyasema Mbaraka ni yangu. Beji nilivishwa mimi, nikaivua kwa mikono yangu, najua. Nyamizi, dada yangu, siwezi kukugombeza, mwanangu yuko hapa kwa sababu yako, hata ungeniomba macho ningekupa. Lakini nikikupa beji hii, huyo mtoto uliyemuokoa atalala wapi?"

Mwalimu Mtweve akainama, akaivua beji shingoni mwa Gwamaka, taratibu, mtoto akaililia. Ilikuwa imelowa mate, namba ya kumi na nne inasomeka kwa shida. Akaishika kwa kamba, akawatazama mmoja mmoja. Viatu vya Mama Ndosi vikasikika vinakuja, ko, ko, ko.

Mimi hapa kila nikimtaja mmoja, wa pili ananijia machoni. Namtaja mama mtu, nakiona kiwiko. Nakitaja kiwiko, nauona ule mguu ulioinuliwa ukarudishwa chini. Nautaja mguu, nakiona chumba kinachohamwa, mama na mtoto mgongoni. Basi nisaidieni ninyi mliotulia. Beji ndiyo hii, imelowa, na viatu vimefika meza ya kumi na tatu. Je, ungekuwa wewe Mwalimu Mtweve, ungeivisha shingo ipi?