Cherehani Iliyopotea kwa Miguu Yake

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mababu bali ya juzijuzi tu, baadhi yenu mmeshaota ndevu na mnajifanya hamkumbuki, palikuwa na mji uitwao Salamuni. Nisikilizeni vizuri, maana mwisho nitawauliza swali, na atakayenijibu "sijui" simhadithii tena.

Salamuni ulikuwa mji usio na wizi. Sikusema haukuwa na wezi. Wezi walikuwapo, tena wenye afya zao. Lakini wizi haukuwapo, na ushahidi ulikuwa ubao mweusi uliotundikwa nje ya kituo cha polisi. Kila Ijumaa mkuu wa kituo, Sajenti Machano, alitoka na chaki akaandika matukio ya wizi ya mwezi. Mwezi huu matatu. Mwezi ule mawili. Miji ya jirani ikatuma wajumbe waje kujifunza, wakalishwa pilau, wakarudi kwao wakijilaumu.

Siri ilikuwa kwenye daftari. Aliyetaka kuandikisha wizi alitakiwa aje na mashahidi wawili waliomwona mwizi kwa macho yao, barua ya mjumbe wa mtaa, na kalamu yake mwenyewe, kwa kuwa ya kituo haikuwa na wino. Mwenye barua hakuwa na mashahidi. Mwenye mashahidi hakuwa na kalamu. Mwenye vyote vitatu alikuta Sajenti ameenda kula.

Siku moja Mkuu wa Mji akapiga mbiu. "Ninaye ng'ombe wa maziwa, tena ana mimba. Atakayepunguza wizi Salamuni atamswaga mpaka kwake. Na daftari lake ndilo litakalokuwa daftari la mji."

Sajenti Machano akakuna kichwa. Apunguze nini tena pale? Akawaza siku mbili, ya tatu akatabasamu, akawaita askari wake. "Kuanzia leo neno 'kuibiwa' limestaafu. Katika daftari hili watu wanapotelewa."

Basi kuku wakapotea. Mabati ya paa yakapotea, na misumari yake. Bwana mmoja alishikiwa kisu sebuleni kwake, redio ikabebwa mbele ya macho yake, ikaandikwa kwamba redio ilipotea huku mwenyewe akiitazama. Ijumaa Sajenti akachora duara ubaoni. Sifuri. Watu wakapiga makofi, na yule bwana wa redio akapiga pia, maana askari walikuwa wanamwangalia.

Sasa njooni kwa Bi Mwatime.

Mwatime alikuwa mshonaji, mjane, ana mama mgonjwa na watoto wawili, na wote wanne walikuwa wakila kwa sindano moja ya cherehani. Siku hiyo alasiri alikwenda kwenye hitima ya jirani. Aliporudi akakuta komeo limeng'olewa, vitambaa vya wateja viko chini, na pale palipokuwa na cherehani pamebaki alama nne za vumbi. Hakupiga yowe. Alijifunga kanga kiunoni akaenda kituoni.

"Shikamoo, Afande."

"Marahaba, mama. Umepotelewa na nini?"

"Sikupotelewa. Nimeibiwa cherehani."

"Umemwona mwizi?"

"Ningemwona angeondoka nayo?"

"Basi umejuaje kama kuna mwizi?"

"Mlango umevunjwa, Afande! Cherehani itajivunjia mlango itoke kutembea?"

Sajenti akaweka kalamu chini taratibu. "Cherehani yenyewe ni ya mkono au ya miguu?"

"Ya miguu."

"Ahaa! Umesema mwenyewe. Kitu kina miguu, kimekwenda zake, sisi polisi tukifanyeje?"

Askari wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mwatime hakucheka. Alipewa karatasi yenye mhuri, imeandikwa: cherehani moja, ya miguu, imepotea. Akaikunja, akaenda nayo nyumbani huku machozi yanamchuruzika, na mama yake akamuuliza watakula nini kesho.

Zikapita siku kumi. Mwatime alikuwa akipita mtaa wa pili, amebeba vitambaa vya watu awarudishie, akasikia cherehani inakohoa. Na yake ilikuwa na kilema hicho: ikifika kwenye pindo nene hukohoa mara mbili ndipo iendelee. Akageuka. Fundi Sururu amekaa barazani kwake anashona suruali.

"Fundi, hiyo ni yangu."

"Ilikuwa yako, Bi Mwatime. Nimeinunua kwa Faki Kinyemela, naye ameiokota."

Faki Kinyemela! Hata watoto wa mji ule walimjua, na mama zao walianua nguo walipomwona anapita. Wakamwita, wakaenda wote watatu kwa wazee wa mtaa. Na Salamuni kulikuwa na ada: kilichopotea kikaokotwa, mwokotaji akakitangaza sokoni siku saba asitokee mwenyewe, basi ni chake. Kilichoibwa kinarudi kwa mwenyewe, hata kama kimenunuliwa mara kumi.

"Faki, ulitangaza?"

"Siku saba kamili, wazee wangu."

"Mbona hakuna aliyekusikia?"

"Nilitangaza kwa adabu. Mimi si mtu wa makelele."

Wazee wakaguna, lakini wakaomba karatasi ya polisi. Wakaisoma. Wakaipitisha mkono kwa mkono. Mkubwa wao akamwambia Mwatime kwa upole, "Mwanangu, hapa pameandikwa imepotea. Pangeandikwa imeibwa, ungeibeba saa hii hii. Nenda katubadilishie hilo neno."

Neno moja! Mimi hata leo nikifika hapa roho inaniuma. Mwanamke amesimama hatua tatu kutoka kwenye riziki yake, anaisikia ikikohoa, na kinachomzuia ni neno.

Katikati ya mambo hayo akahamishiwa kituoni Koplo Tabu. Tabu ni jina alilopewa na bibi yake, lakini Sajenti alikuja kusema ni onyo. Koplo alisoma daftari siku nzima. Asubuhi yake akachukua meza, kiti na daftari jipya, akaenda kukaa sokoni kati ya wauza nazi na wauza ndizi, akasema: "Hakuna barua. Hakuna shahidi. Kalamu ninayo. Aliyefanyiwa jambo aje aliseme kama lilivyokuwa, nami nitaliandika kama alivyolisema."

Siku ya kwanza watu walimpita mbali. Mwatime ndiye aliyekaa mbele yake wa kwanza. "Nimeibiwa," akasema, na Koplo akaandika 'nimeibiwa'. Mwatime akaomba asomewe. Akasomewa. Akaomba tena. Waliokuwa karibu wakasikia, na wa kwanza kujitokeza alikuwa yule bwana wa redio, akalia kabisa pale mezani. Baada yake foleni ikapita duka la samaki. Walikuja walioibiwa juzi, wakaja walioibiwa mwaka jana, akaja na kikongwe mmoja aliyeibiwa jogoo kabla Koplo hajazaliwa. Huyo aliambiwa amechelewa, akakaa tu apate kuhadithia.

Mwezi ukaisha, na wazee bado walidai karatasi ya daftari la mji, nalo lilikuwa la Sajenti. Ijumaa Koplo akachukua chaki akaandika ubaoni: mia mbili na kumi na nne.

Wacha mji ulipuke! "Wizi umefumuka! Salamuni imekwisha!" Makufuli yaliisha madukani. Wageni wakaanza kutazamwa kwa jicho la pembe. Na Bwana Mshamu, muuza mikeka kutoka kijiji cha pili, aliyekuwa akija pale miaka sita, alipita na mikeka yake imekunjwa begani, mtu mmoja akauliza, "Ndani ya mikeka hiyo mna nini?" Hakungojwa ajibu. Walipomaliza kumpiga wakaikunjua mikeka. Ndani ya mikeka mlikuwa na mkeka. Mkono wake ulikuwa umevunjika.

Mkuu wa Mji akaja juu. "Kabla ya Koplo tulikuwa na sifuri! Amekuja na meza, tuna mia mbili na kumi na nne! Basi hiyo meza ndiyo inayoiba!" Lakini mbiu ilikwishapigwa, na ng'ombe alikuwa akila majani ya bure. Ikabidi baraza liitwe, watu wote, ng'ombe katikati.

Sajenti Machano akasimama wa kwanza, vifungo vinang'aa. "Ng'ombe ni wangu. Niliambiwa nipunguze, nikapunguza mpaka namba zikaisha. Mnasema nilibadilisha neno. Sawa. Kwa neno langu wafanyabiashara walikuja, milango ilikaa wazi, na hakuna mgeni aliyeguswa hata ukucha. Neno la Koplo limevunja mkono wa Mshamu. Mkono huo nao umepotea?"

Watu wakautazama mkono wa Mshamu, maana Sajenti alikuwa na la kusema.

Koplo Tabu akasimama wa pili. "Sikuongeza wizi hata mmoja. Niliukuta umelala nikaufunua shuka. Daktari akikupima homa, hakukupa homa. Vitu vya watu vitarudi pale tu wizi utakapoandikwa kwa jina lake. Na tangu nikae sokoni, tazameni tarehe: yote mia mbili na kumi na nne ni ya kabla ya meza. Mwezi mzima hakijaibwa kitu."

"Kumbe nawe una sifuri!" akaruka Sajenti. "Yangu na yako zina tofauti gani? Zote duara!"

Hapo nyuma ya watu mtu akakohoa kwa adabu. Alikuwa Faki Kinyemela.

"Wakubwa zangu, samahani. Hiyo sifuri ya Koplo ni yangu. Nani ameiacha kazi? Sajenti? Koplo amewahi kuingia nyumba ya mtu, akaacha asiingie tena? Tangu meza ile iwekwe, kila anayeketi anataja jina langu, nikaona haya, nikapumzika. Mwezi mzima sijaokota kitu. Mmoja ameufuta wizi kwa kalamu, mmoja ameuhesabu. Aliyeupunguza wenyewe ni mimi."

Koplo akatoa pingu. "Wewe haki yako ni hii."

"Kwa kosa gani, Afande? Mpaka ng'ombe aondoke hapa, daftari la mji ni la Sajenti, na humo mimi ni mwokotaji. Muulize."

Sajenti akatazama viatu vyake.

Mkuu wa Mji akajifuta jasho. Aliona amchague yeyote atalaumiwa, na wakubwa wakiogopa lawama humtafuta mdogo wa kumtwisha. Macho yake yakamwangukia Mwatime. "Bi Mwatime, kesi yako imo katika madaftari yote mawili, kwa maneno mawili mbalimbali. Shika kamba. Utakayempa, ndiye."

Mwatime akashika kamba. Hakuhitaji kufikiri sana: akimpa Koplo, cherehani inarudi leo. Ng'ambo ya uwanja aliisikia ikikohoa, Fundi Sururu hakuacha kazi hata kwa baraza. Akapiga hatua moja kuelekea kwa Koplo.

"Dada Mwatime." Alikuwa Mshamu, mkono umefungwa kitambaa. "Sikukatazi. Lakini nina watoto watano, na mikeka husukwa kwa mikono miwili. Ubao ule ukibaki na namba ile, mimi hapa sirudi, na atakayekuja badala yangu watamfanya nini?"

Mwatime akasimama.

Faki akamsogelea, akasema kwa sauti ile ile aliyotangazia sokoni, Mwatime peke yake akamsikia. "Nipe mimi. Ng'ombe huyu nampa Fundi Sururu, ananirudishia cherehani, nakuletea mlangoni kabla ya magharibi. Hafungwi mtu, hapigwi mtu. Na sitaokota tena maisha yangu. Nikimkosa ng'ombe, nitarudi kuokota, maana njaa yangu naijua mwenyewe."

Na Sajenti, alipoona kamba haiji upande wake, akanong'ona na yeye, kwa uchungu wa kweli nadhani: "Mama, watu hawa walikuwa wanaishi bila woga. Utawarudishia woga kwa ajili ya cherehani moja?"

Mwatime akatazama ile mikono mitatu iliyonyooshwa mbele yake, na wa nne, wa Mshamu, ulioshindwa kunyooka. Mama yake mgonjwa alikuwa nyumbani, hajala tangu asubuhi.

Mimi nimefika mwisho wa ninayoyajua. Yaliyobaki ni yenu. Sajenti alileta amani kwa kulifuta neno. Koplo alileta ukweli, na ukweli ukamvunja asiye na hatia. Faki ndiye pekee aliyepunguza wizi wenyewe, kwa kuwa ulikuwa wake. Msijibu kwa pupa, na wewe uliyeibiwa baiskeli mwezi jana usijibu kwa hasira. Je, nani alistahili? Na kama kamba ile ingekuwa mkononi mwako, na mama yako ndiye mwenye njaa, ungempa nani?