Uyoga wa Kichuguu cha Mpakani

Mama mmoja alikuwa na wana wawili na kichuguu kimoja. Aliitwa Nyanzala, mjane, na aliishi kandokando ya msitu wa miombo, mahali ambapo mvua huja msimu mmoja tu kwa mwaka na watu huijua harufu yake kabla haijafika. Mwanawe mkubwa aliitwa Mihayo, mdogo Lugembe. Marehemu baba yao alikuwa amewagawia shamba nusu kwa nusu, akapanda minyaa kuwa mpaka. Katikati ya mstari huo, mahali ambapo minyaa haikushika, palikuwa na kichuguu kikubwa kama banda la ng'ombe.

Karibu mwaka mzima kichuguu hicho hakikuwa na kazi. Mbuzi walikipanda, mijusi walikiotea jua. Lakini baada ya mvua za kwanza, kwa asubuhi tatu, au nne zikizidi sana, uyoga ulitokeza ubavuni mwake, mweupe, kila mmoja mpana kama sahani. Hakuna mtu aliyeupanda, nao haukumngoja mtu. Usipochumwa kabla jua halijapanda, adhuhuri umeshaingia funza, ukilala, umeoza.

Asubuhi ya kwanza ya uyoga Nyanzala alikuwa akiita kwa sauti mpaka nyumba zote mbili zisikie, na siku hiyo hakuna aliyekwenda shamba. Walichuma pamoja. Alipika mwenyewe, kwa karanga zilizotwangwa na chumvi, basi, kisha akatandika mkeka mmoja. Wana, wakamwana na wajukuu walikula kutoka chungu kimoja, na watu wazima walilamba vidole bila haya. Kwa Nyanzala siku hizo ndizo zilizokuwa mwaka. Miezi mingine ilikuwa njia ya kuzifikia.

Ukafika mwaka ambao wakwe wa Lugembe walikuja kumtembelea, nao walifika jioni ya kuamkia uyoga. Lugembe aliona aibu kuwalisha mboga za majani. Alfajiri alichuma uyoga wote kabla kaka yake hajaamka, akakusudia kumpelekea bakuli, kisha katika pilika za wageni akasahau. Mama yao alipelekewa sehemu yake. Aliitazama, akauliza, "Mihayo yuko wapi?" Hakula.

Mihayo alikuta kichuguu kitupu. Angeweza kucheka. Angeweza kwenda kukaa na wageni akale nao. Badala yake alisimama mbele ya wakwe na kumwita mdogo wake mwizi. Lugembe, aliyekuwa amefungua kinywa kuomba radhi, akakifunga. Alipokifungua tena alisema kwamba kichuguu kiko upande wake tangu zamani. Jambo hilo hakuwahi kulifikiri kabla ya kulitamka. Baada ya kulitamka, aliliamini.

Wakaenda baraza la ardhi. Wazee wa baraza wakasema shauri litasikilizwa, na mpaka liishe mtu yeyote asiguse kitu chochote juu ya kichuguu. Hawakuwa na nia mbaya. Ilikuwa kiangazi, na kiangazi hakuna anayewaza uyoga.

Mvua zilipokuja, uyoga ulitokeza kwa wingi ambao haukuwahi kuonekana. Ndugu hao wawili walikwenda kichuguuni, mmoja akasimama upande huu, mwingine upande ule. Hawakwenda kuchuma. Walikwenda kulindana.

Wakati huo Nyanzala alikuwa ameanza kuugua, na chakula kilikuwa hakipiti. Ugali aliuonja na kuuacha, maziwa vivyo hivyo. Asubuhi hiyo aliuona weupe wa uyoga kutoka mlangoni pake, akashika fimbo, akatembea mwenyewe hadi kichuguuni. Ilimchukua muda mrefu. Wanawe walimwona akija, wala hakuna aliyekwenda kumshika mkono, kwa kuwa kila mmoja aliogopa kuondoka mahali pake. Alipofika aliinama, akang'oa uyoga mmoja.

"Mama, uweke chini," Lugembe alisema. "Hicho ni kidhibiti cha kesi."

Nyanzala akamgeukia mkubwa. Mihayo alikuwa akitazama miguu yake mwenyewe. "Ni kweli, mama," alisema. "Vumilia kesi iishe. Ikiisha, utakula mpaka uchoke."

"Sikuwaomba kichuguu, wanangu," mama alisema. "Nimewaomba uyoga."

Hapo palihitajika neno moja tu. Mmoja angesema, "Tuchume," na mwingine angeinama. Mihayo alingoja mdogo wake aseme, maana ndiye aliyekosa kwanza. Lugembe alingoja kaka yake aseme, maana ndiye mkubwa. Jua likapanda. Nyanzala aliulaza ule uyoga juu ya udongo taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto mchanga, akashika njia ya kurudi. Kufika jioni kichuguu kizima kilikuwa kinanuka.

Shauri likapanda wilayani. Mara hati haikuonekana, mara mwenyekiti alikuwa safarini, mara shahidi alikuwa na msiba. Kila ndugu alisema ucheleweshaji huo ni hila ya mwenzake. Msimu wa pili ukaja na kupita, uyoga ukatoka na kuoza, nao wakasimama tena, huyu huku na yule kule.

Kalunde, mke wa Mihayo, hakuweza kuvumilia. Alikwenda kwenye gulio akanunua uyoga mkavu, akauloweka, akaupika kwa karanga kama alivyofundishwa na mama mkwe wake, akampelekea kitandani. Nyanzala alikula matonge mawili.

"Umenipikia vizuri, mwanangu," alisema. "Lakini huu umeshachoka. Halafu niko peke yangu."

Kalunde alitoa bakuli nje, akalia nyuma ya jiko mahali ambapo mumewe asingemwona.

Nyanzala alifariki mwezi wa kumi na moja mwaka uliofuata, mawingu yakiwa yameshakusanyika. Alizikwa siku ya Alhamisi. Jumapili mvua ikanyesha, na siku mbili baadaye uyoga ukatokeza, watu wa matanga wakiwa bado wamekaa. Jamaa waliotoka mbali waliuona, wakashangaa kwa nini hauchumwi na watu wamejaa nyumbani. Wakapakuliwa maharage.

Mwezi wa tatu hukumu ikatoka. Ilisema kwamba mpaka upite katikati ya kichuguu, nusu kwa nusu, kama baba yao alivyokusudia. Kila ndugu alirudi nyumbani akisema ameshinda, na ili mwenzake asije akabisha tena, kila mmoja akachukua jembe na sururu akaanza kuchimba mtaro kutoka upande wake. Walichimba kwa siku tatu bila kusemezana, mpaka mitaro yao ikakutana. Kichuguu kilipasuka kutoka juu hadi chini. Vyumba vya mchwa vikafunuliwa, na pamoja navyo ule utando mweupe, laini kama sifongo, ambao mchwa huulea gizani, na ambao ndio mama wa uyoga. Waliurusha nje kwa koleo. Kuku wakala mchwa, jua likaukausha utando.

Mvua zilizofuata kichuguu hakikutoa kitu. Watu wakasema labda mwakani. Mwakani nako hakikutoa kitu.

Asubuhi moja ya mvua hiyo ya pili, kila ndugu alikuwa ametoka kuangalia upande wake, wakakutana mtaroni. Walikuwa wameanza kuota mvi wote wawili. Lugembe ndiye aliyezungumza.

"Siku ile mama alipokuja na fimbo yake," alisema, "ungetamka tu tuchume, kaka, ningechuma. Haki ya Mungu, ningechuma."

Maji yalikuwa yakimtiririka Mihayo usoni, na mtu asingeweza kujua yapi ni ya mvua. "Na mimi nilikuwa nangoja utamke wewe," alisema.

"Wewe ndiye mkubwa."

"Wewe ndiye uliyeanza."

Hata hapo, juu ya udongo uliokufa, kila mmoja alikuwa bado anangoja mwenzake aseme. Kisha mvua ikazidi, wakaenda zao, na hawakuzungumza tena jambo hilo mpaka Mihayo naye alipofariki.

Nanyi mnaonisikiliza, msiniulize ni nani kati yao aliyekuwa na haki. Wote wawili walikuwa nayo, imeandikwa na kupigwa muhuri. Niambieni hili tu: nyumbani kwenu leo kuna nani mliyemwambia avumilie kwanza, na ni nani aliyewaahidi kwamba muda wa kuvumilia anao?