Paa na Mtoto Asiyelala Bila Ulimi wa Mama

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitikia kivivu. Haya, sogeeni tu. Hadithi hii haina kicheko kingi.

Hapo zamani za kale, penye nyasi ndefu, aliishi Paa jike. Mtoto wake wa kwanza alichukuliwa na Fisi. Alipozaa wa pili, akaapa hatamwacha hata kidogo.

Basi mtoto akilia, analambwa. Akifumba macho, analambwa. Ulimi ukikoma, macho yanafumbuka na kilio kinaanza upya. Hakujua kulala bila ulimi wa mama.

Kiangazi kikaingia. Majani ya karibu yakaisha, maji yakabaki mtoni tu, mbali. Mama hakwenda. Akakonda, na maziwa yakaanza kukauka.

Jirani yake Kanga, ambaye hamung'unyi maneno, akamwambia, "Mwenzangu, ukifa kwa kiu, huyo atamnyonya nani?"

"Nikimwacha atalia. Akilia, Fisi atasikia."

"Mtoto mchanga wa paa hana harufu. Kinachomfichua ni kilio. Basi mfundishe kulala mwenyewe. Mshibishe, mlambe, kisha ondoka kabla hajasinzia. Akilia sana rudi umtulize, halafu uondoke tena."

Maneno yalimchoma Paa, lakini aliyatii.

Siku ya kwanza akamnyonyesha, akamlamba, akamwimbia:

*Lala mwana, mama yupo,*
*Akienda, atarudi.*

Akaenda nyuma ya kichuguu. Mtoto akalia. Mama akarudi, akamgusa kwa pua, akaimba, akaondoka. Akarudi tena, akaondoka tena. Mtoto alilia sana, na mama naye alilia kule nyuma ya kichuguu. Msimcheke, nyie. Aliyewahi kuzika anamwelewa.

Siku ya pili akaimba, akaenda hadi kwenye migunga. Mtoto akalia kidogo, kisha akaficha pua kati ya magoti yake. Akasikia joto la pumzi zake mwenyewe. Akasinzia.

Siku ya tatu akaimba, akaenda mtoni.

Fisi alikwishazoea kusikia kilio pale. Alipomwona mama akipita, akaja mbio. Akazizunguka nyasi, akailainisha sauti.

"Mwanangu, nimerudi. Lia kidogo nijue ulipo."

Kimya.

"Lia mwanangu, nimekuletea maziwa."

Kimya.

"Lia basi, usinitie wasiwasi."

Kimya. Mtoto alikuwa amelala zamani, pua kati ya magoti. Fisi akaondoka na njaa yake.

Mama aliporudi, akaona nyayo za Fisi zimezunguka nyasi zote. Akasikiliza, hakusikia kilio.

"Na huyu naye," akasema.

Akazipasua nyasi. Akamkuta amejikunja, mbavu zinapanda na kushuka. Hapo Paa akapiga magoti, akalia hata mtoto akaamka. Mtoto akamtazama, akamsogelea, akaanza kunyonya. Maziwa yalikuwapo.

Jamani wazazi, kumbembeleza mtoto ni mapenzi, na kumfundisha kutulia mwenyewe ni mapenzi pia. Mfundishe wewe ukiwa karibu, maana kuna siku atakuhitaji nawe hutakuwapo.

Hadithi yangu naikunja hapa. Aliyeipenda aibebe, na aliyekwishasinzia tumwache alale.