Boga la Nazi la Kiasi

Niwape kisa? Semeni, “Tupe, tunakisikia!”

Zimwi lilimnyakua binti wa Mwanakheri. “Nipikie boga la nazi la bibi yako, au namla huyu!”

Mwanakheri akateleka chungu cha urithi, kilichosema kwa sauti ya marehemu bibi.

“Bibi, sukari kiasi gani?”

“Kiasi.”

“Iliki?”

“Kiasi.”

“Tui?”

“Kiasi tu, mjukuu wangu.”

“Ebo! Kiasi ndiyo nini?” Kwa hasira akatia kama mkono wa bibi ulivyozoea kutia, na boga likaiva tamu.

Zimwi likalamba sahani. “Chukua mwanao, niachie chungu nijipikie.”

Hadi leo linakifokea: “Kiasi gani?”

Na binti, amekua. “Mama, sukari kiasi gani?”

“Kiasi, mwanangu.”

Kisa kimeiva, nakiepua.