Mchele wa Bwana Nagamori

Maadui walikuwa wameizingira ngome ya Bwana Nagamori, mtawala mmoja wa Japani ya kale, na askari wake walikuwa wakitafuna magome ya misonobari. Mchele ulijaa ghalani, lakini ulipikwa kwa ajili ya bwana peke yake, naye hakutia tonge kinywani kabla mwingine hajaonja. Aliogopa sumu kuliko upanga.

Jemadari wake, Tokisada, akaja akapiga magoti.

"Bwana wangu, nahofia maadui wameutia mchele sumu."

"Upikwe, uonjwe!"

"Gunia lipi, bwana?"

"Yote!"

"Tuonje wa juu tu? Sumu hujificha chini."

"Onjeni juu, onjeni chini, ita jeshi zima! Usinirudie mpaka uwe na hakika."

Tokisada akainama hadi paji la uso likagusa mkeka, akatoka.

Kesho yake alirudi akitabasamu.

"Habari njema, bwana. Mchele ule haukuwa na sumu hata chembe."

"Vema! Basi nipakulieni, njaa inaniuma."

"Aa, bwana wangu," alisema Tokisada, "hakika yenyewe tumeipata tulipomeza punje ya mwisho."