Hotuba Dhidi ya Mtoro

Hapo zamani, jamani, mbali huko Ohio, Marekani, miaka michache baada ya Kaskazini na Kusini kupigana, palikuwa na chuo ambacho wanafunzi wake walipenda maneno kuliko chakula. Kila mwaka walifanya mdahalo mkubwa, na mwamuzi alikuwa Profesa Pruitt. Miaka thelathini na mmoja alikuwa amewasikiliza vijana wakibishana. Alikuwa amechoka hata na kuchoka.

Desturi ilikuwa hii: kura ndiyo iliyoamua nani atetee upande gani, aupende asiupende. Na mshindi huirudia hotuba yake siku ya mahafali, mbele ya wazazi wote.

Mwaka huo swali likawa: askari aliyetoroka vitani asamehewe?

Kura ikamwangukia Orin apinge msamaha. Orin akasema, "Mimi sisemi nisichokiamini." Akafukuzwa katika chama cha mdahalo siku hiyohiyo.

Nafasi yake akapewa Lemuel. Kumbe kaka yake Lemuel alitoroka vitani, na pale chuoni siri hiyo aliijua mtu mmoja tu, rafiki yake Silas. Na aliyepangwa kutetea msamaha alikuwa huyohuyo Silas.

Lemuel alinguruma mpaka ukumbi ukapiga meza. Silas akajibu kwa upole, na kila mtu aliona ameshindwa.

Kabla ya mshindi kutangazwa, Lemuel akamfuata profesa ofisini. "Mwalimu, mpe Silas ushindi. Angemtaja kaka yangu, mimi ningekwisha palepale. Amelimeza neno hilo akashindwa. Na kwenye mahafali mama anakuja na kaka. Nitayasemaje yale mbele yao?"

Silas, aliyesikia yote mlangoni, akaingia. "Mwalimu, Lemuel kanishinda kihalali. Mimi sitaki ushindi wa kuonewa huruma."

Orin naye akaja. "Kura ilitujaribu sote, mwalimu. Ni mimi tu niliyeilinda imani yangu, na ni mimi tu niliyefukuzwa. Heshima ya mahafali ni haki yangu."

Profesa akavua miwani, akajuta kutostaafu mwaka uliopita. Alimpenda Lemuel, na roho ilimuuma. Akimpa yeye, kijana atamhukumu ndugu yake hadharani. Akimpa Silas, watu watauliza sababu, na siri itatoka. Akimpa Orin, jukwaani atapanda mtu ambaye hakutoa hotuba.

Wahenga walisema penye wazee hapaharibiki neno, lakini mzee huyu alikuwa peke yake, tena hoi, na ukumbi ulikuwa umeanza kupiga miguu sakafuni ukimwita. Basi msaidieni nyinyi mliokaa: kati ya Orin, Silas na Lemuel, nani alistahili kusimama mbele ya mama yule?