Kanga na Nyasi Zilizonuswa

Paukwa!

Pakawa!

Nyie wa nyuma mmeitika kama hamjala. Paukwa tena!

Pakawa!

Haya, sasa mko macho. Hapo zamani za kale palikuwa na nchi ya wanyama, na mtemi wake alikuwa Nyati. Nchi hiyo ilikuwa na adui mkubwa, moto wa nyika. Moto unakuja vuuu, mama yuko malishoni, mtoto yuko peke yake kichakani. Watoto wengi waliungua.

Basi Nyati akaweka desturi. Kila mama akizaa, achukue kishungi cha nyasi alizolalia mtoto, akipeleke serikalini, kwenye Nyumba ya Nyasi. Moto ukizuka, waokoaji wanakimbilia hapo. Wananusa kishungi, wanafuata harufu, wanamfikia mtoto. Tangu siku hiyo hakuungua mtoto hata mmoja. Nchi za jirani ziliona wivu, na zilikuwa na haki.

Mlinzi wa nyumba hiyo alikuwa Kanga, ndege wa madoadoa. Alitembea kifua mbele. Ukimwamkia njiani, atakukumbusha kwamba watoto wako anawatunza yeye. Aliringa, ndiyo, lakini kazi aliifanya.

Asubuhi moja Kanga akashuka mtini alikolala, akaenda kazini, akakuta ukuta umetobolewa. Tundu kubwa, na nje ya tundu nyayo za Fisi. Moyo ukampiga du, du, du. Akaingia ndani. Kishungi cha Digidigi kipo. Cha Ngiri kipo. Cha Nungunungu kipo. Vyote vipo, na vyote vimelowa mate.

Akakimbia kwa mtemi, tiki tiki tiki, akaeleza yote. Pembeni ya mtemi alikaa Kima, mshauri wake. Kima akacheka. Akasema vishungi vyote vipo, kwa hiyo hakuna kilichoibwa. Ukuta upakwe udongo, jambo liishe.

"Usipoziba ufa utajenga ukuta," akasema Kima.

"Ufa nitauziba," akasema Kanga. "Lakini Fisi hakubeba nyasi. Amebeba harufu, na harufu iko puani mwake. Leo jua likizama atakwenda pango kwa pango."

Kima akaacha kucheka. Akasema kina mama wakijua, hawataleta nyasi tena. Na moto ukija, watoto wataungua. Na Kanga mwenyewe atafukuzwa kazi, pamoja na madoadoa yake yote.

Kanga aliogopa, jamani. Kazi ile ndiyo iliyokuwa heshima yake yote. Halafu akamtazama Nyati, akasema, "Mtemi, nyumba ni ya serikali. Watoto ni wa mama zao."

Nyati akainamisha pembe. Akafikiri. Akasema, "Nenda ukawaambie."

Kanga akapanda juu ya kichuguu, mchana kweupe, akapaza sauti. Kekeke, kekeke, kekeke! Wanyama wakaja mbio. Kanga akawaambia yote: nyumba imevunjwa, Fisi amenusa vishungi vyote, na mlinzi ni yeye. Akawaambia na la kufanya. Wahamishe watoto kabla ya jua kuzama, wavuke mto, maji yakate harufu.

Mama Digidigi alikuwa amejifungua juzi tu. Akamsogelea Kanga.

"Mimi nilikuamini," akasema.

"Uliniamini, nami sikulinda," akasema Kanga. "Twende nikusaidie."

Wakahama. Chubwi, chubwi, wakavuka mto, wakubwa wakiwabeba wadogo. Jua likazama. Fisi akatoka, mate yanamtiririka. Pango la Ngiri, tupu. Kichaka cha Digidigi, kitupu. Akazunguka na njaa yake mpaka kukapambazuka.

Asubuhi Kanga akaketi mlangoni pa Nyumba ya Nyasi. Vishungi vya zamani ameviteketeza, ukuta ameuziba. Akangoja. Hakuja mtu. Kima akapita, akamtazama, akakohoa kidogo.

Kisha nyasi zikachakarika. Akaja Mama Digidigi, mdomoni ana kishungi kipya, kutoka ng'ambo ya mto.

"Pokea," akasema. "Nyumba yoyote inaweza kutobolewa. Nakuletea wewe kwa sababu najua utaniambia."

Nyuma yake akaja Ngiri. Nyuma ya Ngiri, Nungunungu. Msururu ukafika kichuguuni. Kanga akatunisha kifua, akalia kwa furaha, na safari hii hakuna aliyesema anaringa.

Nyati akaweka sheria: amana ya raia ikiguswa, mlinzi amwambie mwenye amana siku ileile, bila kungoja umbea. Amwambie kilichoguswa, na la kufanya. Usiku akamweka Nungunungu alinde ukuta. Nchi ile ikajivunia sheria hiyo kuliko pembe za mtemi wake.

Ndiyo maana mpaka leo Kanga akiona hatari, hanyamazi.

Basi wakubwa kwa wadogo, shikeni hili: ukitunza cha watu kikaharibika, waambie mapema, wewe mwenyewe. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Hadithi yangu imevuka mto na watoto wote salama. Imeishia hapo.